Uso wa Kukodishwa

Msomaji, liko neno ambalo watu wengi hulisema pasipo kulipima. Husema kwamba mchezaji akikosa, mahakama ndiyo imhukumu, basi. Na kwamba raia wanaoandika barua na kusimama barabarani na mabango, ili mfanyabiashara fulani aache kumdhamini mchezaji huyo, ni wadaku waingiliao chakula cha mwenzao. Nimelisikia neno hili katika vyumba vya walimu, nimelisikia ndani ya matatu, na nimelisoma katika insha za wanafunzi wangu, ambao huliandika kwa hati nzuri na kwa uhakika uliopita umri wao. Mimi nalipinga. Nalipinga karibu lote, na mahali ninapokubaliana nalo nitapaonyesha wazi, kwa maana lina sehemu moja ya kweli ambayo wale walio upande wangu hawapendi kuisikia.

Tusigombane hewani. Na tuchukue kisa kimoja ambacho mambo yake yalithibitishwa mbele ya jaji.

Michael Vick ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Newport News katika jimbo la Virginia. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule uitwao kwa jina la mguu ilhali huchezwa kwa mkono. Mwaka 2001 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa miongoni mwa vijana wote walioingia katika NFL, ligi kuu ya mchezo huo, wala hapana mtu mweusi mwenye kazi kama yake, ya kuongoza mashambulizi, aliyepata kuchaguliwa wa kwanza kabla yake. Mwaka 2004 timu yake ya Atlanta ilimwandikia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 130. Kampuni ya Nike ilitengeneza viatu vilivyoitwa kwa jina lake, na watoto waliviomba kwa wazazi wao.

Mwezi wa Aprili 2007 askari waliingia katika nyumba yake moja iliyokuwa wilaya ya Surry, huko huko Virginia, wakakuta mbwa zaidi ya 50 pamoja na vyombo vya kuwazoeza mapigano. Ikabainika kwamba tangu mwaka 2001 yeye na wenzake walikuwa wakifuga mbwa wa kupiganishwa, na fedha zikiwekwa kamari juu ya damu yao. Mwezi wa Julai alishtakiwa, akakana. Mwezi wa Agosti, baada ya wenzake kukiri mmoja baada ya mwingine, naye alikiri. Katika maelezo aliyoyatia sahihi alikubali kwamba mwezi ule wa Aprili mbwa kama 6 hadi 8, walioonekana hawafai kwa mapigano, waliuawa kwa kunyongwa na kwa kuzamishwa majini, na kwamba jambo hilo lilitendeka kwa jitihada za pamoja zake na wenzake. Tarehe 10 Desemba 2007 Jaji Henry Hudson alimhukumu kifungo cha miezi 23.

Yatazame sasa yaliyotendeka kati ya mashtaka na hukumu, kwa kuwa ugomvi wetu uko hapo. Vyama vya kutetea wanyama havikuketi kungoja Desemba. Viliandika barua kwa Nike, viliwahimiza wanachama wao waandike, na watu walisimama na mabango mbele ya ofisi za ligi mjini New York. Nike kwanza iliahirisha kutoa kiatu kipya cha Vick. Kisha, tarehe 27 Julai, ikasimamisha mkataba wake bila malipo, ikaacha kuuza vitu vyenye jina lake. Siku ile ile kampuni ya Reebok ikaacha kuuza jezi zake. Tarehe 24 Agosti, ilipokuwa imejulikana kwamba atakiri, Nike ikauvunja mkataba kabisa.

Je, alidhulumiwa?

Wale ninaowapinga husema, "Alinyang'anywa mkate wake." Haya, tuuchunguze mkate huo. Kampuni ya viatu hainunui miguu ya mchezaji. Miguu hulipwa na timu, au na zawadi ya mashindano. Fikiri juu ya kijana akimbiaye alfajiri katika barabara za vumbi za Iten. Akishinda mbio za marathoni mahali fulani, wenye mashindano humlipa kwa kushinda. Hiyo ndiyo ajira yake, nayo ni jasho lake halali. Mwenye viatu anapokuja na mkataba, haji kulipia ushindi uliokwisha kulipiwa. Aja kukodi uso wa kijana yule na jina lake, ili wewe uliye Machakos au Malindi umwonapo umpende, na upendo ule uteremke kutoka usoni mwake mpaka miguuni mwake, na kutoka miguuni mwake mpaka mfukoni mwako. Kinachouzwa katika mkataba ule ni upendo wako wewe. Ajabu gani basi mwenye mali akisema bei yake, au akikataa kuuza?

Angalia jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo nguzo ya maneno yangu yote. Katika biashara ya udhamini wako watu watatu: mwenye kampuni, mchezaji, na mtazamaji. Wawili hutia sahihi, na wa tatu ndiye anayeuzwa. Mtazamaji anapoandika barua kusema, "Upendo wangu msiutumie kwa mtu huyu," haingilii mambo ya watu. Anasema juu ya kilicho chake. Mwenye kumwambia anyamaze anataka aendelee kuuzwa kama kuku wa sokoni, ambaye haulizwi.

Wako wengine wenye hoja nzito zaidi kuliko ile ya mkate. Husema kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na kwamba Nike ilimsimamisha Vick siku moja tu baada ya yeye kukana mashtaka. Hoja hii naiheshimu, na ingekuwa vema kama kila mwenye kushika bango angeiheshimu pia. Lakini itazame ilivyotumika hapa. Kusimamisha si kuvunja. Mwalimu akishtakiwa kwa kosa zito, huondolewa darasani kwanza mpaka mambo yajulikane, wala hatusemi amekwisha hukumiwa. Nike ilisimamisha kwa mashtaka, ikavunja kwa kukiri. Wale waliotaka mwezi wa Julai kwamba kila kitu kikatwe mara moja, siku ile ile, walitaka jambo la hatari. Ukweli ulikuja baadaye ukawapa haki, lakini haki iliyokuja baadaye haiwi sababu ya haraka iliyotangulia. Laiti mtu yule angeonekana hana kosa, nani angemrudishia jina lake? Magazeti hutangaza mashtaka katika ukurasa wa kwanza, na kuachiliwa katika ukurasa wa ndani, chini, karibu na matangazo ya viwanja vinavyouzwa.

Hoja ya tatu ndiyo iumayo, na sitaki kuipita upesi. Watu weusi wengi wa Marekani waliuliza mwaka 2007: mbona machozi ni mengi hivi kwa mbwa? Mbona nchi iliyokwisha kuona watu wakinyongwa mitini, tena bila mtu kushtakiwa, imegundua leo ubaya wa kunyonga? Miaka 15 baadaye swali hilo hilo lilirudi Uingereza. Mwezi wa Februari 2022 ilionekana picha ya sinema ya Kurt Zouma, beki wa West Ham, akimpiga paka wake teke na kofi. Kampuni ya Adidas ilimwacha, kampuni ya Vitality ikasimamisha udhamini wake kwa klabu, na klabu ikamtoza faini kubwa. Mwezi wa Juni mahakama ikamhukumu saa 180 za kazi ya kutumikia jamii na kumkataza kufuga paka kwa miaka 5. Mwenzake katika timu, Michail Antonio, aliwauliza waandishi wa habari kama tendo lile ni baya kuliko ubaguzi wa rangi, maana wako walioshikwa na hatia ya ubaguzi na bado wakacheza.

Swali hilo ni halali. Mtu asiyeona uchungu ndani yake hajui historia. Walakini jawabu lake si lile wanalolitaka wenye kuliuliza. Mizani ikipinda, huinyoshi kwa kuondoa kilicho haki katika sahani moja. Huinyosha kwa kujaza sahani iliyo nyepesi. Kama mdhamini hakumwacha mbaguzi, kosa ni kwamba mbaguzi hakuachwa. Na mimi niongeze jiwe langu katika sahani hiyo: wakati watu walipokuwa wakidai Zouma aachwe kwa ajili ya paka, jezi za West Ham zilikuwa na jina la Betway kifuani, kampuni ya kamari, wala sikuona umati barabarani kwa ajili hiyo. Kila mwalimu wa Kenya amemwona mvulana ambaye karo yake iliishia katika simu kwa kubashiri mechi ambazo hatazitazama. Wenye mabango huchagua. Huchagua kile kinachoonekana vizuri katika picha, na paka huonekana vizuri kuliko karo.

Kabla sijaondoka hapa, najua msomaji wa Kakamega amekwisha kuinua mkono. Atauliza: na mafahali wetu je? Kwao Isukha na Idakho mapigano ya mafahali ni mchezo wa tangu wazee, watu hukusanyika asubuhi na mapema kwa ngoma na isikuti, na fahali mshindi huimbwa jina lake. Je, mwalimu huyu atatuita wauaji? La. Fahali ashindwaye hukimbia, na kukimbia kwake ndiko kumaliza mchezo; hafungwi kamba shingoni kwa kuwa ameaibisha mwenyewe. Lakini sitajificha nyuma ya tofauti hiyo. Akitokea mtu na ushahidi kwamba mahali fulani fahali huumizwa makusudi ili awe mkali, kisha mfanyabiashara akaweka bango lake kiwanjani hapo, nitaandika barua yangu kwa Kiswahili kilicho wazi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haikutungwa kwa ajili ya Virginia.

Sasa nije mahali nilipoahidi, pale ambapo wapinzani wangu wamesema kweli.

Silaha hii haina akili yake yenyewe. Humtii kila aishikaye. Mwaka 2016 mchezaji mwingine wa ligi ile ile, Colin Kaepernick, alianza kupiga goti wakati wimbo wa taifa ukiimbwa, ili kupinga namna watu weusi walivyotendewa na askari polisi. Hakuna aliyeumizwa na goti lake. Mwezi wa Septemba mwaka huo Brandon Marshall, wa timu ya Denver, alimfuata; na katika siku chache wadhamini wake wawili, chama kimoja cha akiba na mikopo na kampuni moja ya simu, wakamwacha. Mwaka 2018 Nike ilipomweka Kaepernick katika matangazo yake, watu walichoma viatu vyao mbele ya kamera na kuwataka wenzao wasinunue tena. Barua, mabango, vitisho vya kutonunua: vyote vilikuwa vile vile vilivyotumika juu ya Vick. Mkono tu ndio uliokuwa mwingine.

Mpinzani wangu atasema, "Umeona? Basi tuitupe silaha hiyo kabisa." Nami nasema panga lililokata mtu halitufanyi tuache kulima. Hutufanya tuulize nani amelishika, na anakata nini. Kati ya Vick na Marshall tofauti haiko katika ukubwa wa umati wala katika sauti yake. Mmoja alitenda ukatili, akaukiri mbele ya mahakama. Mwingine alisema neno ambalo wengine hawakulipenda. Anayedai mdhamini amwache mtu kwa tendo lililothibitishwa, anatumia haki yake. Anayedai aachwe kwa sababu ya fikira zake, anataka njaa ifanye kazi ambayo hoja zake zimeshindwa kuifanya. Wewe kijana utaombwa siku moja, pengine mwaka huu huu, utie jina lako katika dai la namna hii. Simu itakuletea, na vidole ni vyepesi. Uliza kwanza: ametenda nini? Na nani amethibitisha?

Kisha uliza swali la tatu, ambalo mara nyingi husahauliwa: wanataka afanye nini ndipo waridhike?

Vick alifilisika mwaka 2008 akiwa gerezani. Alitakiwa kulipa karibu dola milioni moja kwa matunzo ya mbwa waliookolewa. Alitoka mwaka 2009, na hapo watetezi wa wanyama wakagawanyika. Chama kimoja kikubwa, Humane Society, kilimwendea, kikamchukua katika mikutano ya vijana ili awaambie kwa kinywa chake ubaya wa kupiganisha mbwa. Na mwaka 2011 alikwenda Washington kuunga mkono mswada wa kuwaadhibu hata watazamaji wa mapigano hayo. Chama kingine, PETA, kilikuwa kimetaka achunguzwe ubongo kwanza, ili ijulikane kama mtu wa namna yake aweza kujuta. Timu ya Philadelphia ilipomwajiri, watu walisimama nje na mabango. Sikubaliani nao. Hapo ndipo mkate wa kweli ulipo. Kumnyima mtu kukodisha uso ni jambo moja. Kumnyima kazi ya mikono yake baada ya kumaliza kifungo ni jambo jingine, na kwa hilo wale niliowapinga tangu mwanzo nawapa haki yao nzima.

Mwaka 2011 Nike ilimrudia. Wengine waliisifu kwa moyo wa kusamehe. Mimi siisifu, kama nisivyoisifu kwa kumwacha mwaka 2007. Msimu wa 2010 Vick alikuwa amecheza vizuri mno hata akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa ushindi. Na nina shaka kama simu ya Nike ingelia iwapo angalikuwa amerudi akiwa mtu mwema lakini mzito wa mbio. Kampuni haina dhamiri, ina daftari. Ndiyo maana watazamaji hawana budi kuwa na dhamiri, na kuileta mpaka mlangoni mwa kampuni, iingie katika daftari kwa sura ya hasara na faida, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha inayosomwa mle ndani.

Lakini dhamiri isiyojua mwisho hugeuka kuwa kitu kingine. Mwaka 2019 NFL ilipomwalika Vick kuwa nahodha wa heshima katika mechi ya wachezaji bora, mamia ya maelfu ya watu walitia majina yao kutaka aondolewe. Miaka 12 ilikuwa imepita. Alikwisha kufungwa, alikwisha kufilisika, alikwisha kusimama mbele ya vijana wa shule na kujishtaki mwenyewe. Nimetafuta katika madai yale jambo moja ambalo Vick angeweza kulifanya ili watu wale waridhike, nisilione. Ligi ilikataa kumwondoa, nami naona ilifanya sawa. Mwezi wa Desemba 2024 chuo kikuu cha Norfolk State, katika jimbo lake la kuzaliwa, kilimfanya kocha mkuu wa timu yake.

Na wale mbwa? Jambo hili wanafunzi wangu huliuliza kila nisimuliapo kisa hiki, na huona aibu kidogo kuuliza, kana kwamba si swali la watu wazima. Vyama hivyo hivyo viwili, PETA na Humane Society, vilishauri mwaka 2007 kwamba mbwa wale wauawe, kwa kuwa waliofunzwa kupigana hawawezi tena kuwa wema. Mahakama ilisikiliza ushauri mwingine. Wachache sana waliuawa. 22 walipelekwa kwenye makao ya wanyama huko Utah, na wengine wakagawanywa kwa watu waliokuwa tayari kuwalea. Mmoja wao, aliyepewa jina la Jonny Justice, alifundishwa huko California kulala kimya sakafuni huku watoto waliokuwa wakijifunza kusoma wakimsomea vitabu.